Mwanakupona, Jina Lenye Dua Ndani Yake

Siku ya saba ilipita kwa maji. Ya kumi na nne nayo ikapita. Ilipofika siku ya ishirini na moja mto ulikuwa umeanza kurudi nyuma, mbuzi wa akika amefungwa chini ya mwembe tangu alfajiri, sufuria za wali zimeazimwa kwa majirani, na wazee wameshakaa kwenye jamvi. Mtoto bado hakuwa na jina.

Sisi tulikuwa wageni. Tulifika Chara kutoka Garsen kwa shughuli nyingine kabisa, tukakaribishwa kwa ada ya watu wa Delta ya Tana ya kutomwacha mpita njia apite na njaa. Tulipewa nafasi karibu na mlango, na kwa sababu hiyo tukayasikia yote yaliyokuwa yakibishaniwa ndani. Baadaye wenyewe walituruhusu tuyaandike kwa sharti kwamba tusiwataje. Jina la mtoto walituachia tulitaje, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mtoto huyo wa kike alizaliwa wakati wa masika, Tana ilipokuwa imevunja kingo zake na mashamba ya mpunga yamegeuka ziwa. Mamake alishikwa na uchungu usiku. Kabla ya alfajiri damu ilikuwa inamtoka kuliko kiasi, na mkunga, mwanamke mwenye busara ya kuujua mwisho wa uwezo wake, akasema waziwazi kwamba kazi hii imemshinda. Mume na vijana watatu wakampakia mtumbwini. Walipiga kafi na kusukuma upondo gizani juu ya mahali ambapo mwezi mmoja nyuma palikuwa na njia ya punda, hata wakafika penye lami na pakapatikana gari. Alhamdulillahi, mama na mwana wote wawili wamerudi nyumbani.

Ndiyo maana nyanya wa baba wa mtoto, bibi mkongwe aliyekuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, hakuona kuna jambo la kujadiliwa. "Huyu na mamake wamepona," alisema. "Mnatafuta jina gani tena? Mwiteni kwa jina langu."

Jina lake ni Mwanakupona.

Mama wa mtoto hakulitaka. Yeye alikuwa na jina lake tayari, Inaya, ambalo alilipata kwenye simu tangu mimba ina miezi mitano, na ambalo maana yake ni uangalizi na hifadhi. Ami wa mtoto, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomo ya dini mjini, naye hakulitaka, kwa sababu nyingine: kwa maoni yake Mwanakupona si jina la Kiislamu. Baba wa mtoto alinyamaza. Kwa hiyo mabishano yalikuwa ya pembe tatu, na kila pembe ilikuwa na hoja yenye uzito wake. Sisi tuliporudi nyumbani tuliona kwamba hoja hizo si za Chara peke yake. Zinazungumzwa katika kila nyumba ya pwani yetu inapopata mtoto, kutoka Lamu hadi Vanga, na huenda mbele zaidi.

Tuanze na jina lenyewe.

Kupona ni neno la Kibantu tangu asili, halikukopwa kwa mtu. Wakikuyu husema hona, Waganda husema wona, na Washona wa Zimbabwe husema pona kama tusemavyo sisi. Kiswahili kimelihifadhi kwa maana mbili ambazo lugha nyingine nyingi huzitenga. Mgonjwa akiondokewa na maradhi, amepona. Mtu akitoka salama katika hatari, chombo kimezama naye akafika ufuoni, huyo pia amepona, hata kama mwili wake haukuwahi kuugua siku moja. Mwanamke aliyejifungua salama amepona kwa maana zote mbili kwa mpigo, na hatudhani ni ajabu kwamba jina hili limekaa upande wa wanawake.

Tazama pia namna lilivyoundwa. Halisemi aliyepona, wala halisemi atakayepona. Linasema kupona tu, tendo zima lisilofungwa na wakati. Kwa hiyo aliyempa mwanawe jina hili huenda alikuwa anashukuru kwa jambo lililokwisha, na huenda alikuwa anaomba kwa jambo aliloliogopa bado, na jina linamfaa kwa yote mawili. Wazee wetu walikuwa na majina mengi ya namna hii, yanayoeleza hali iliyoizunguka siku ya kuzaliwa: Sikudhani kwa mtoto asiyetazamiwa, Mwanamvua kwa aliyekuja na mvua, Mwanaidi kwa wa siku ya Idi, Mwanajuma kwa wa Ijumaa, Riziki, Subira, Tunu. Wapo pia kina Shida, Tabu na Mashaka, na hao hatutawatetea leo.

Sehemu ya kwanza ya jina, mwana, inahitaji maelezo, kwa kuwa wengi wetu tumeisahau. Leo neno hilo likisikika peke yake hudhaniwa ni mtoto basi. Katika visiwa vya Lamu na Pate, hata hivyo, Mwana lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke mwenye hadhi, mwenziwe Bwana. Mume akiitwa Bwana fulani, mke aliitwa Mwana fulani. Pate ilipata kutawaliwa na mwanamke katika karne ya 18, naye anajulikana kwa jina la Mwana Khadija. Mombasa husimulia asili yake kwa kumtaja Mwana Mkisi. Hata hapa Delta, kule upande wa Kipini ambako mwanaakiolojia James Kirkman alichimba magofu ya Ungwana katika miaka ya 1950, kuna gofu jingine la mji wa kale ambalo watu huliita Mwana tu, bila nyongeza.

Cheo hicho kikashikamana na jina kidogo kidogo mpaka vikawa kitu kimoja. Mwana Aisha akawa Mwanaisha, Mwana Hawa akawa Mwanahawa. Kadiri mtu anavyoshuka kusini ndivyo cheo kinavyofupishwa: Mwanamvua akifika Unguja ni Mwamvua, na Mwanajuma huwa Mwajuma. Mwenye kumwita binti yake Mwajuma leo hii huenda hajui kwamba anamwita Bibi Juma kwa adabu ya zamani. Hilo nalo ni jambo jema: mtoto mchanga, hana hata jino, anaamkiwa kwa heshima kila anapoitwa.

Majina ya Mwana hayajafa hata kidogo. Ingia chuo chochote cha pwani, uite Mwanaisha, na vichwa viwili vitatu vitageuka. Mwanahamisi, Mwanaidi na Mwanahawa wapo, na wapenzi wa taarabu wanamjua Mwanahawa Ali wa Zanzibar kwa sauti kabla ya kumwona uso. Lakini ita Mwanakupona, uone. Hapo Chara wazee waliokaa jamvini walihesabu kwa vidole, wakapita mji hadi mji mpaka Kipini, na mwisho wa hesabu walibaki na mmoja aliye hai, yule yule aliyekuwa ndani kitandani.

Aliyelipa jina hili sifa ni mwanamke mmoja, na inavyoelekea ndiye pia aliyelifanya liogopwe. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu ambaye kwa miaka mingi aliukataa utawala wa Sayyid Said na majeshi yake. Walijaaliwa watoto wawili. Baada ya mumewe kufariki, Mwana Kupona alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, msichana wa miaka 17 hivi. Ulikuwa mwaka wa 1275 Hijria, yaani 1858. Beti zake ni 102. Mwana Hashima akawa kiungo kati ya wosia wa mamake na wasomaji waliokuja nyuma. Mwanachuoni Mwingereza Alice Werner aliuchapisha utenzi huo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1917, na ukatoka tena kama kitabu mwaka wa 1934 kwa ushirikiano wake na William Hichens.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mwana Kupona alipotunga alikuwa mgonjwa. Anasema hivyo mapema katika utenzi wake, kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Anamwita binti yake aje na wino na karatasi, akae karibu, kwa sababu ana neno la kumwachia. Muda haukuwa mrefu baada ya hapo, naye akafariki. Aliyeitwa Kupona hakupona. Kila tunaposoma beti zile za mwanzo tunajiuliza ni mara ngapi katika mwaka ule watu waliingia chumbani kwake wakamwita kwa jina, nalo likawa kila mara ni dua ambayo Mola, kwa hekima yake, aliijibu kwa njia nyingine.

Lakini mama yule kijana wa Chara hakuwa anafikiria hayo. "Mimi nimesoma utenzi huo shuleni," alituambia siku ile, akimtikisa mtoto begani. "Kila msichana akikosea, anasomewa. Ukichelewa, Mwana Kupona. Ukijibu, Mwana Kupona. Nimtwike mwanangu jina hilo, aje akumbushwe kumkanda mume miguu kabla hajajua kusoma?"

Tulicheka pamoja naye, na hatukuweza kumlaumu. Ni kweli kwamba utenzi ule una sehemu ndefu kuhusu namna ya kumhudumia mume: kulala kwake kusisumbuliwe, chakula chake kiandaliwe, atokapo aagwe na arudipo apokewe. Ni kweli pia kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyokatwa na kupachikwa katika hotuba za arusi na ukali wa walimu, hata ikawa kama ndiyo utenzi wote. Wanawake wa leo wanaofanya kazi wana haki ya kuuliza ni nani katika nyumba atakayewakanda wao.

Hata hivyo, anayeusoma mwanzo hadi mwisho atakutana na mtu mwingine. Kabla ya mume kutajwa, binti anausiwa juu ya dini yake na adabu yake, awe na ulimi wa kweli, ajue watu wa kukaa nao na wa kuwaepuka. Anausiwa awaendee wanyonge na wenye haja. Kisha mama anaikumbuka ndoa yake mwenyewe na jinsi walivyoishi kwa mapenzi, maneno ya mjane ambaye bado ana majonzi. Na sehemu kubwa ya mwisho si mawaidha tena. Ni dua. Anawaombea watoto wake wawili ambao anajua atawaacha, anawaombea ndugu na Waislamu wote, na anajiombea yeye mwenyewe kuondolewa maradhi. Kwetu sisi hapo ndipo moyo wa utenzi ulipo. Ni mwanamke mgonjwa, mwenye binti asiye na baba, anayejaribu kumpa kabla ya giza kila kitakachomlinda katika dunia aliyoijua yeye. Dunia hiyo ilikuwa ya karne ya 19, na ulinzi wa mwanamke ndani yake ulipitia kwa mume. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu kwa kutozaliwa leo.

Hoja ya ami ilikuwa nzito zaidi kwa wazee, kwa kuwa ilivaa kanzu ya dini. Alisema kwa upole, na tunamsifu kwa upole huo, kwamba mtoto ana haki juu ya wazazi wake ya kupewa jina zuri, na kwamba jina zuri kwa Mwislamu ni la Kiarabu, kama vile majina ya wake wa Mtume (s.a.w.) na mabinti zake. Mwanakupona, alisema, ni mila.

Maalim wa chuo cha pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Mtume (s.a.w.) alipojaaliwa mtoto wa kiume na Maria, alimwitaje?"

"Ibrahim."

"Na Ibrahim lilikuwa jina la Kiarabu?"

Kijana akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amesoma na alijua kwamba majina mengi ya mitume, Ibrahim na Ismail na Yusuf, asili yake si Kiarabu, wala Maryam. Maalim akaendelea. Katika mafunzo ya Mtume, alisema, kinachopimwa ni maana. Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwasi. Mtume akambadilisha, akamwita Jamila, kama alivyopokea Abdullah bin Umar. (Akina mama wenye mabinti wanaoitwa Asiya wasishtuke. Asiya mke wa Firauni ni jina jingine, huandikwa kwa herufi nyingine, nalo ni tukufu.) Juwayriya aliitwa Barra hapo kwanza, na Zaynab vilevile, na Barra ni neno la Kiarabu safi, maana yake mwema, lakini Mtume alilibadilisha kwa sababu lilikuwa na harufu ya mtu kujisifu. Na alikuwako mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, akashauriwa ajiite Sahl, wepesi, akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuja kusimulia kwamba ukali ulibaki katika ukoo wao. Waarabu wote hao, na majina yao ya Kiarabu. Basi Kiarabu peke yake hakikuwatosha.

"Sasa niambie," akasema maalim, "kupona kuna ubaya gani?"

Tungependa kuongeza hapa jambo ambalo halikusemwa Chara, bali lilitujia njiani tukirudi. Miongoni mwa masahaba wanawake kuna Shifaa binti Abdullah, wa ukoo wa Adi katika Makureshi. Wapo wanaosema jina lake la kuzaliwa lilikuwa Layla na kwamba Shifaa ni lakabu iliyomshika. Alisilimu mapema. Alikuwa katika watu wachache sana wa Makka waliojua kuandika, achilia mbali wanawake, na alikuwa akitibu. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka amfundishe Bibi Hafsa kisomo cha kutibu namla, ambayo ni maradhi ya ngozi, kama alivyomfundisha kuandika. Na shifaa, kila aliyekaa chuoni anajua, ni kupona. Ndilo neno ambalo Qurani inalitumia kwa asali katika Sura An-Nahl, na kwa Qurani yenyewe katika Sura Al-Israa. Na Nabii Ibrahim, katika Sura Ash-Shuaraa, anapomtaja Mola wake kwa watu wake, anasema kwamba yeye akiugua, Mola ndiye anayemponya.

Kwa hiyo tuna wanawake wawili, mmoja wa Makka na mmoja wa Pate, wametengana kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili. Majina yao yana maana moja, na kila mmoja wao anakumbukwa kwa kalamu yake. Ikiwa binti wa Kiislamu anaweza kuitwa Shifaa na watu wakasema mashaallah, sisi hatujaona sababu ya kumwonea haya yule anayeitwa kwa maana hiyo hiyo katika lugha ambayo mamake alilia nayo wakati wa uchungu.

Hatusemi haya kuwabeza wanaoyatafuta majina simuni. Inaya ni jina zuri, na mtoto mwenye jina hilo ana bahati. Tunachowaomba akina mama ni kuhakikisha maana kwa mtu anayejua Kiarabu kabla ya kuchinja mbuzi, kwa kuwa orodha nyingine zinazosambazwa huchanganya majina ya lugha tano na kuyapa yote maana moja tamu. Na kabla ya kufungua simu, waulizeni kwanza wazee waliomo nyumbani. Huenda jina mnalolitafuta mbali limekaa chumba cha pili likihesabu tasbihi.

Jambo moja la manufaa kwa wanaolipenda jina hili: liandikeni neno moja. Tumekutana na wanawake wengi wa pwani ambao vyeti vyao vinasema Mwana kwa jina la kwanza, kisha lililobaki limesukumwa nafasi ya jina la baba, hata ofisini huitwa "Mwana" wote kama ndugu wa tumbo moja. Bibi yule wa Chara mwenyewe ana kitambulisho cha zamani ambacho karani mmoja alikiandika Mwanakapuna. Ameishi nacho miaka mingi, na kila anapokwenda mahali pa kutia sahihi huanza kwa kusimulia hadithi ndefu. Basi mpeni karani jina lililokwisha kuandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mlisome tena kabla ya kuondoka, na msicheleweshe. Sheria ya Kenya inataka kuzaliwa kuandikishwe katika miezi sita. Baada ya hapo huwa ni uandikishaji wa kuchelewa, wenye vielelezo vingi zaidi, na kwa mtu wa Delta kila kielelezo ni safari ya maji na nauli.

Turudi kwenye nyumba ile. Maalim alipomaliza palikuwa na kimya, na harufu ya wali ilikuwa imefika ndani. Baba wa mtoto, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema sasa.

"Mimi ndiye niliyeshika upondo," alisema. "Nyinyi hamkumsikia alivyonyamaza katikati ya mto. Nilidhani amekufa."

Hakuongeza kitu. Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama bibi mkongwe. Akasema kwamba amekubali, lakini ana masharti mawili. La kwanza, Inaya liwe jina la kumwita ndani, yeye na mwanawe. La pili, mtu yeyote asithubutu kumsomea binti yake utenzi ule kwa kumkaripia. Atausoma mwenyewe, wote, mwanzo hadi mwisho, siku atakapojua kusoma. Wazee wakasema hilo ni haki yake. Bibi mkongwe hakujali masharti. Alikuwa ameshanyoosha mikono, akapewa mtoto, akaanza kumwita "somo yangu, somo yangu," kwa kuwa wawili wenye jina moja ni masomo, na yeye kwa miaka mingi hakuwa na somo hata mmoja aliye hai.

Mbuzi alichinjwa kwa jina la mtoto. Kabla ya chakula, baba alileta daftari la nyumba ambamo huandikwa vizazi na vifo vya ukoo kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani tangu zamani, na kama ulivyoandikwa utenzi wa Mwana Kupona wenyewe. Alimpa nduguye, kwa kuwa ndiye mwenye hati nzuri zaidi. Ami aliketi kitako, akalaza daftari pajani, akaandika tarehe, akaandika jina la baba, kisha akafika kwenye jina la mtoto na kalamu ikasimama. Kiarabu alichosomea mjini hakina herufi ya P. Akaandika be.

Maalim aliinama juu ya bega lake, akasoma polepole, "Mwanakubona." Akaichukua ile kalamu mkononi mwa kijana, na chini ya herufi, kando ya nukta moja iliyokuwapo, akaongeza mbili.